Mpira wa Turbo Hauchangiwi

…na nani kasema fundi lazima awe na mchoro, mimi nilitoka shule darasa la tisa na mchoro ninao hapa kichwani, mipira kumi na mmoja ya kupitisha upepo, ya buluu, inang'aa, nimeipitisha juu ya injini kwa mistari iliyonyooka mpaka Ludde alipoiona akanyamaza, na Ludde hanyamazi hata akiwa anatafuna, sasa kakalia kiti changu garini, mkono kwenye ufunguo, anasema wenzetu wengi wako ziwani tayari, barafu imefika nusu mita, zamu yetu ya mbio za magari juu ya barafu ni saa sita, niwashe au nikuitie kasisi… subiri, nimemwambia, nakaza klipu moja, na huo ni uongo, klipu imekaza tangu asubuhi, ni vidole vimegoma kuuachia huu mpira mmoja, unaotoka kwenye turbo, ile pampu inayoijazia injini upepo, kwenda kwenye kijimlango ambacho upepo ukizidi hufunguka na kupitisha moshi pembeni ili turbo isijaze upepo kupita kiasi, mwembamba kama penseli, nami nimeukata katikati nikatia kiungo cha njia tatu, tawi likaingia ndani mpaka kwenye geji ya kupimia upepo huo, kwa sababu kijana gani hapa Dalarna, au Uswidi nzima, anaendesha turbo bila geji, abiria atazame nini, miti?… na Gunvor, bibi ambaye gari lake liko hapa gereji ubavuni mwa langu, miaka sitini na tisa, thelathini kati ya hiyo kafunga mipira kiwandani, alipita na kahawa yake, akainama, akasema taratibu, "Huo mpira hauchangiwi, kijana," basi, hakuongeza, nikamwambia mbele ya wote, Gunvor, wewe ulikuwa unafungia farasi mipira, watu wakacheka, naye akacheka, akachukua andazi lake la mdalasini akaenda zake kwenye hita… boneti lake liko wazi, sitazami, nasema sitazami, natazama, mipira yake myeusi, ya kawaida, hata picha huwezi kuipiga, lakini ona ilivyolala, ule wa turbo mfupi kama kidole gumba, umetoka hapa ukaingia pale, haukuungwa, haukugusa chuma cha moto, kauachia ulegevu kidogo kwa sababu injini ikivuta hutikisika, na mingine nyuma kaisuka kama ukili, kila mmoja unajua mwenzake anapita wapi, geji kaipa mpira wake peke yake kutoka kwenye manifodi, bomba linaloingiza upepo kwenye injini, na ile kona, aliipigaje bila kuukunja, mimi pale ningetumia mita nzima, yeye shubiri… mwaka jana mbioni alinipita kwa upande wa nje, kofia ya sufu kichwani, hata jicho hakunitupia, gari lake likiimba sauti moja tu, haipandi haishuki, nikasema ni matairi, nilisema wilaya nzima, misumari ya matairi yake ya kung'ata barafu ni mirefu… haikuwa misumari… tuseme goti langu linagusa ule mpira wa geji, unachomoka, upepo unavujia miguuni mwangu, kijimlango hakisikii kitu, hakifunguki, turbo inajaza, inajaza, nami nimekanyaga mafuta nikipungia watu mkono, pistoni zinatoboka kabla sijamaliza kona, majira mawili ya baridi niliyolala humu chini ya gari yameyeyuka, na geji, geji nzuri kabisa, inasoma sifuri… mzee huyu aliyaona yote hayo kwa kuinama mara moja, na kahawa haikumwagika… "Tobbe, niwashe?" anauliza Ludde, na wote wanageuka isipokuwa Gunvor, yuko hatua tatu tu, anajimiminia kikombe cha pili, nami mdomo wangu, ambao hata wasiokuwa na magari wanaujua, unahangaika na jina lake, nimeliita mara elfu na sijawahi hata siku moja kuliita bila utani, natafuta sauti ya kuliitia…