Gurudumu Lililonyooshwa

Siku ya nane tangu agongwe na gari, Kasha alikuwa ameuzoea ukuta ule kama mtu anavyouzoea uso wa jirani mgomvi. Alilala chali kwenye kitanda cha chuma, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu kutoka vidoleni hadi pajani na kuinuliwa juu ya mito miwili. Upande wa pili wa ukuta, umbali wa mkono tu, ndiko ilikokuwa karakana ya baiskeli ya baba yake. Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazamana na ukuta wa nyumba nyingine. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka kitandani. Kwa mtu mwenye miguu mizima hizo si kitu. Kwa Kasha zilikuwa safari ya kuaga watu.

Jina hilo alipewa kazini, kwa sababu ya kasha la barafu alilolifunga nyuma ya baiskeli yake. Kwa miaka sita alikuwa akichukua chupa za damu kutoka zahanati ndogondogo na kuzifikisha maabara kuu kabla barafu haijayeyuka. Ni kazi hiyo iliyomtoa karakanani. Baba yake, fundi kwa miaka arobaini, alitaka mwanawe arithi benchi na jiliwa la kubania vyuma. Mwana akataka barabara. Tangu hapo wawili hao walizungumza kama watu waliokutana kwenye foleni ya daktari: kwa adabu, na kwa ufupi.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa ikining'inia. Dereva wa gari la kijani aliandikisha polisi kwamba mwendesha baiskeli alikata kona ghafla bila kutoa ishara, naye akamgonga ubavuni. Kasha alijua fika kwamba alikuwa akienda moja kwa moja, pembeni kabisa mwa lami, na kwamba pigo lilitoka nyuma. Lakini ilikuwa mvua, watu wote walikuwa wamejificha, na shahidi hakuwepo. Mkuu wa maabara alikwisha kumletea barua ya mistari mitatu: tarishi atakayeonekana na kosa barabarani hatakabidhiwa tena damu ya wagonjwa. Kasha aliisoma barua hiyo mara moja tu. Mara ya pili hakuhitaji, kwa maana nyuma ya maneno yake alilisikia jiliwa likifunga meno.

Afande wa usalama barabarani, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alikuja kumwona wodini siku ya pili.

"Maelezo yako nimeyaandika," alimwambia. "Cheti cha daktari kitunze. Nguo za siku ile zisifuliwe. Na baiskeli, kaka yangu, isiguswe hata kwa kitambaa. Ndiyo shahidi wako pekee. Ndugu yako aje aichukue, maana kwetu vitu hulala nje na mvua haijui ushahidi. Ijumaa ijayo nitapita nyumbani niikague, kisha nifunge jalada."

Dada yake mkubwa ndiye aliyeichukua. Kasha alimwagiza aifunike turubai na kuiweka stoo, na dada akafanya vivyo hivyo. Baba hakuambiwa. Hakuna aliyeamua kumficha. Katika nyumba ile Kasha na baba yake walikuwa wamepoteza tu mazoea ya kuambiana mambo.

Alhamisi asubuhi, dada akiwa ameshakwenda kazini, Kasha aliamshwa na mlio wa spoku za gurudumu. Aliujua tangu utotoni: fundi huzigusa spoku moja moja kwa ncha ya spana, naye husikiliza ipi imelegea. Ting. Ting. Tung. Alitabasamu kidogo. Baiskeli ya mteja, alijisemea, tena imeumia vibaya, maana spoku za nyuma zinalia kama kikombe kilichopasuka.

Kisha mtu akagusa kengele.

Ilikuwa kengele yenye ufa, inayotoa mlio na nusu. Hakuna nyingine kama hiyo katika mji mzima.

"Baba!" Kasha alipaza sauti. "Baba, iache hiyo!"

Mashine ya kusagia vyuma ikawaka. Mngurumo ukakijaza chumba hadi kikombe kikatetemeka mezani. Kasha alipiga kelele mpaka koo likamkauka, akisikia chuma kikilika na kujua ni chuma gani. Mashine ilipotulia alikusanya nguvu akaupiga ukuta kwa ngumi. Mara tatu.

Halafu kutoka upande wa pili zikaja ngumi tatu, nyepesi, zenye furaha.

Kasha akaganda. Alipokuwa mdogo huo ndio uliokuwa mchezo wao: mtoto akipiga tatu kutoka kitandani, baba hujibu tatu kutoka kwenye benchi, maana yake nipo hapa, lala. Mzee alidhani anasalimiwa. Akapiga tatu tena, kwa kuzidisha, na mara akasikika akiimba kwa pua huku msasa ukikwaruza.

Kasha aliushusha mguu kutoka kwenye mito. Chumba kikazunguka. Alijivuta hadi ukingoni, akashika meza, meza ikateleza, naye akakwama katikati, nusu kitandani na nusu hewani, plasta ikiwa imenasa kwenye vyuma vya kitanda. Mbele hakwenda, nyuma hakurudi. Alibaki hivyo, jasho likimtiririka machoni, akimsikiliza baba yake akimfutia ushahidi kwa upendo wote aliokuwa nao.

Mzee aliingia saa tano, akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Iling'aa. Gurudumu la nyuma lilizunguka bila kuyumba hata unywele. Katika mkono wa pili alibeba mfuko wa plastiki mzito, akausukuma chini ya kitanda kwa mguu kabla hajamwona mwanawe vizuri.

"Mbona umejikunja hivyo? Unatoroka?" alitania huku akimwinua. "Subiri upone kwanza. Ukipona, farasi wako tayari. Nimeikuta stoo imefunikwa kama maiti, roho ikaniuma. Siku tatu naiwaza. Leo nikasema, mwanangu hawezi kuamka akaikuta vile."

"Baba, umefanya nini?"

"Nimenyoosha. Hilo gurudumu lingemshinda mtu mwingine."

Kasha alimweleza. Alieleza polepole, kama anayemsomea mtu hukumu yake: gari la kijani, maelezo ya dereva, barua ya maabara, afande na Ijumaa. Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo, na mwisho akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Kengele yenye ufa ililia yenyewe baiskeli ilipojilaza kwenye mlango.

"Ninaweza kuirudisha," mzee alisema kutoka sakafuni. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kule kupinda kwake nakujua kama kiganja changu. Nikilifunga jiliwani, nyundo nne, gurudumu litakuwa kama lilivyokuja. Huyo afande hatatambua. Hata aliyeligonga hatatambua."

Kasha alilitazama lile gurudumu lililonyooka. Ilikuwa kweli iliyofutwa, na hapa palikuwa na mtu pekee duniani awezaye kuiandika upya bila kukosea. Nyundo nne, na barabara ingekuwa yake tena. Alifumba macho, akajiona mbele ya afande akisema hivi ndivyo ilivyokuwa, na kila siku baada ya hapo akipanda gurudumu lililopindwa mara mbili.

"Hapana."

"Si uongo. Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ilikuwa, Baba. Sasa haipo. Nikidanganya hapa, dereva na mimi tunakuwa kitu kimoja."

Dada alipopashwa habari jioni, alishika kiuno. "Nyumba hii!" alisema. "Mmoja anakarabati bila kuuliza, mwingine anaumia bila kusema. Mimi niwe posta yenu hadi lini?"

Ijumaa afande alikuja na kamera shingoni. Aliitazama baiskeli inayong'aa, akamtazama Kasha, akaiacha kamera ining'inie.

"Hii ndiyo iliyogongwa?"

"Ndiyo. Imetengenezwa jana," Kasha alisema. "Baba hakujua. Sina la kuongeza."

Afande aliinama, akapitisha kidole kwenye fremu iliyopigwa msasa. Alivuta pumzi kama mwalimu aliyepokea karatasi tupu ya mwanafunzi hodari. "Basi umenifunga mikono. Nina maelezo mawili tu, yako na yake." Alianza kulikunja jalada, kisha akasita. "Na vilivyotolewa viko wapi? Madigadi hii ya nyuma ni mpya."

Mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni ameinamisha kichwa, alikiinua kwa ghafla. "Vilivyotolewa? Kwani mimi mwizi?" alisema kwa uchungu wa kweli. "Miaka arobaini, chuma kikitoka kwenye baiskeli ya mtu, mtu mwenyewe hurudishiwa, ajue sikumbadilishia. Mwanangu naye ni mteja. Vipo hapo, chini yake."

Kasha alikuwa ameulalia mfuko ule usiku kucha.

Afande aliuvuta, akaumwaga juu ya gazeti. Spoku saba. Taa nyekundu ya nyuma, vipande. Na madigadi kuukuu, nyeusi, iliyokunjamana kutoka kwenye ncha yake ya nyuma kwenda mbele, huku rangi ya kijani imejisugua juu ya mikunjo. Ubavuni haikuwa na hata mkwaruzo. Afande aliipiga picha, upande huu na upande ule.

"Sisemi umeshinda," alisema hatimaye. "Chuma kilichokwisha kufunguliwa hakina nguvu kama kilicho mahali pake, na wakili wa dereva atalisema hilo. Ninachosema ni kwamba jalada halifungwi leo. Ila fundi lazima aandike kwamba yeye ndiye aliyevifungua, lini na kwa nini."

"Nikiandika," mzee aliuliza, "itasomeka kwamba karakana yangu ilifuta ushahidi?"

"Itasomeka hivyo."

"Lete kalamu."

Aliandika akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, godoro likiwa meza yake, herufi moja moja, kwa mkono uliozoea spana. Kasha aliona kisogo cha baba yake kwa ukaribu ambao hakuwa ameuona tangu utoto.

Afande alipoondoka na ule mfuko, chumba kilirudi kuwa kilekile: dirisha, ukuta, hatua nne. Wiki tano zilikuwa zimebaki kwa plasta, na kwa jalada hakuna aliyejua ngapi. Mzee alishika kitasa cha mlango.

"Uache wazi, Baba," Kasha alisema.

Mzee aliuacha. Kutoka kitandani Kasha aliweza kuona kipande kimoja tu cha karakana, upana wa kiganja: ncha ya benchi, na jiliwa lililofungua meno yake, halijashika kitu.

Alilitazama hadi giza lilipolifunika.