Kandambili za Appu

Siku filamu ya Mkono wa Sheria ilipoanza kuonyeshwa mjini kwetu Kozhikode, kusini mwa India, Mwalimu Pathrose alivaa shati lake la kanisani, akanipigia simu saa moja asubuhi kuniuliza kama nimeshaoga. Mwalimu ana miaka sabini na sita. Mimi, Hamsa, nilikuwa msaidizi wake wa kamera kwa miaka kumi na moja, na mpaka leo ananiuliza mambo ya kuoga. Mwongozaji wa filamu hiyo, kijana anayeitwa Vishakh, alikuwa amemwalika yeye mwenyewe. Alimwambia kwamba ndani yake kuna shoti moja ya kumuenzi yeye na filamu yetu ya zamani, Daftari la Zamu. Mwalimu alikuwa na furaha, sitaficha. Miaka arobaini hakuna aliyemwalika popote.

Tulikwenda onyesho la saa tatu ili nami niiwahi sala ya Ijumaa. Mlangoni walimvisha shali la heshima, wakampiga picha. Kisha taa zikazimwa, na kwenye pazia yakaandikwa maneno: Kwa heshima ya mpiga picha Pathrose, mwalimu wetu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu aliushika mkono wangu.

Filamu ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Inspekta anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Muuaji anayetafutwa alitajwa na jirani yangu wa kiti kabla sijamaliza chai. Kila mlango unapofunguliwa, ngoma zinapigwa kana kwamba bwana harusi anaingia. Nilivumilia. Filamu mbovu nimezitazama nyingi, na kadhaa nimezipiga mimi mwenyewe.

Halafu ikaja ile shoti.

Lazima nieleze ya kwetu ilivyokuwa. Katika Daftari la Zamu kuna mama anayekwenda kituo cha polisi kumuulizia mwanawe. Kamera inamfuata mgongoni kwenye korido ndefu ya kijani, dakika nne bila kukatwa. Milango iko wazi, anasimama kwenye kila mmoja, polisi wamo ndani, hakuna anayegeuka. Mwishoni anafika mezani, na mkono wa askari unamsukumia kandambili za mwanawe. Basi. Hakuna muziki wala kilio. Mwalimu aliipiga akiwa peku ili nyayo zake zisisikike, nami nikitembea nyuma yake nimemshika kiuno asijikwae.

Yule mama hakuwa mwigizaji. Aliitwa Chirutha, mfua nguo wa mji wa Vadakara, na mwanawe Appu alifia mahabusu kweli, miaka miwili kabla. Polisi walidai kijana ameiba pampu ya maji. Pampu ikaja kuonekana kwa shemeji wa mwenye pampu. Chirutha alikubali kuigiza kwa sharti moja.

"Uso wangu msiupige," alituambia. "Wao waliuona siku ile, wakacheka. Inatosha."

Ndiyo sababu kamera ilikaa mgongoni. Wasomi wa sinema wameandika mengi kuhusu mgongo ule, na hakuna hata mmoja aliyetuuliza. Kandambili nazo alikuja nazo mwenyewe kwenye mfuko wa karatasi. Zilikuwa za Appu. Kamba ya kushoto ilikuwa imekatika, naye alikuwa ameishona kwa waya mwekundu.

Sasa tukaiona korido ileile. Kijani kilekile, taa ileile inayopepesa, hata kalenda ukutani. Kamera mgongoni, dakika nne. Ila mgongo ulikuwa wa inspekta. Anapita mlango hadi mlango akiwapiga mahabusu, huyu kwa rungu, yule kwa kiti, na ukumbi mzima unapiga miluzi. Anafika mezani. Mama wa mmoja wao amekaa pale analia. Inspekta anamsukumia kandambili, anavua miwani, anasema, "Mwanao hazihitaji tena, atakuwa anabebwa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kamba ya kushoto ilikuwa na waya mwekundu.

Mwalimu alisimama. Alipita mbele ya magoti ya watu bila kuomba radhi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akalivua lile shali na kulitupa kwenye kiti cha Vishakh. Nje walikuwepo watu wa televisheni. Walipomuuliza ameionaje filamu, alijibu kwamba ameona maiti ikivuliwa nguo na watu wakishangilia.

Kesho yake Vishakh alikuja nyumbani na boksi la haluwa. Alikuwa na hasira pia, nadhani na aibu kidogo. Alisema Mwalimu amemchafulia jina mbele ya nchi nzima. Alisema Daftari la Zamu ameitazama mara arobaini, amezihesabu hatua za yule mama, sitini na mbili, na rangi ya ukuta ameichanganyisha mara tisa mpaka ikafanana.

"Waya je?" Mwalimu aliuliza.

"Hata waya, Mwalimu. Nilitaka kila kitu kiwe sawa."

"Uliuona mgongo mara arobaini. Hata siku moja hukujiuliza uso uko wapi?"

Vishakh akasema watu wa siku hizi wanakuja sinema kushangilia, na kwamba wale waliopigwa katika hadithi yake ni wabakaji na wauaji, si watu wa kuonewa huruma.

"Appu naye kwenye hadithi ya polisi alikuwa mwizi," Mwalimu akamwambia. "Kila wanayemuua ana hadithi yake waliyomwandikia. Wewe umewaandikia nyingine, tena umeweka jina langu juu."

Alimtaka aondoe jina lake na kandambili pia. Vishakh alisema jina anaweza, ila kandambili si mamlaka yake, mtayarishaji hatakubali, kipande hicho ndicho kinachozunguka kwenye simu za watu. Mwalimu alimrudishia haluwa yake, akamfungulia mlango.

Nilidhani imeishia hapo. Jumapili nikapigiwa simu na Sarasu, binti wa marehemu Chirutha, mdogo wake Appu. Ni fundi cherehani, ana miaka hamsini na kitu sasa. Mteja alikuwa amekaa dukani kwake akitazama kipande kile kwenye simu na kucheka, akamgeuzia Sarasu simu naye acheke. Sarasu aliutambua waya.

"Kaka Hamsa," aliniuliza, "mama alitia saini nini kwenu?"

Nilimwambia hakutia saini chochote. Tulimpa neno letu tu, la mdomo.

"Na neno lenu liko wapi?"

Nilimpigia Vishakh na kumtukana kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, nikamwambia kama ana damu mwilini akamjibu Sarasu yeye mwenyewe, ana kwa ana. Sikutarajia kitu. Jumanne akaja na gari lake, akatuchukua mimi na Mwalimu mpaka dukani kwa Sarasu, Vadakara.

Sarasu hakutukaribisha chai, na kwetu hilo ni neno zito. Alikuwa akishona sare za shule na hakusimamisha mashine mpaka alipomaliza mkono wa shati.

"Ule waya alishona mama," alimwambia Vishakh. "Wako amekushonea nani?"

"Fundi wa vifaa vya filamu."

"Alijua anashona nini?"

"Hapana, dada."

"Na wewe?"

Vishakh alitazama sakafu. "Nilijua ni waya mwekundu," alisema.

Sarasu akamsimulia. Alimsimulia tangu asubuhi Appu alipochukuliwa akiwa hajamaliza kula, mpaka mwili uliporudishwa, na jinsi kucha zake zilivyokuwa. Alisimulia kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Vishakh alianza kulia, na Sarasu akamwambia akalie garini, hapa ni dukani.

Ijumaa ya pili kandambili hazikuwemo kwenye filamu. Vishakh aligombana na mtayarishaji mpaka wakafika kwa mawakili, na kwenye mradi wake uliofuata akaondolewa. Kile kipande cha kwanza chenye kandambili bado kiko kwenye simu za watu, hicho hakirudi tena. Jina la Mwalimu nalo lilifutwa.

Mwalimu alitaka kuhakikisha kwa macho yake. Tukakaa tena kwenye viti vilevile, safari hii hakuna aliyetuvisha kitu. Inspekta alipita koridoni akipiga watu, akafika mezani, akavua miwani, hakusema lolote, akaondoka. Ukumbi ulipiga miluzi vilevile. Hakuna aliyegundua kwamba kuna kilichotolewa.

Tulipotoka nilimuuliza Mwalimu anaonaje.

"Sasa ni filamu mbovu tu," alisema.

Yeye hilo lilimtosha. Mimi halinitoshi. Kila ninapopita pale sinema na kusikia miluzi kutoka ndani, nakunja ngumi mfukoni.