Jenereta Isiyosikika

"Kamati ya Wakazi wa Mtaa wa Misonobari, Kapsoya, inawatangazia wakazi wote kwamba kitu cheupe chenye magurudumu mawili kilichoegeshwa kando ya tangi la maji kitatambuliwa rasmi kama trela. Wakazi wanaombwa wakome kukiita nyumba, kioski, ambulensi au jina jingine lolote."

Tangazo hilo lilibandikwa langoni asubuhi ya Ijumaa, likiwa na sahihi na muhuri wa mwenyekiti, Bwana Gichuru, ambaye hakupata kuona jambo dogo akaliacha lipite bila muhuri. Wakazi walilisoma wakielekea kazini, wakacheka, wakaenda zao. Mwenye trela, Lazarus Okumu, mwalimu mstaafu wa fizikia, alilisoma mara mbili na hakucheka. Lilikuwa tangazo la kwanza la kamati lililomletea faida.

Mkewe, Amondi, alikuwa na ugonjwa wa mapafu ambao daktari aliutaja kwa jina refu na kuueleza kwa maneno machache. Mchana aliweza kukaa kwa muda bila mrija wa oksijeni puani. Akilala, hapana, ilibidi mashine ingurume kando ya kitanda hadi kuche, na mashine hiyo ilikula umeme. Alichokitaka Amondi kilikuwa kidogo: alale usiku mmoja nyumbani, kijijini kwa akina Okumu, karibu na ziwa, angali na pumzi za kulisikia.

Nyumba ya Okumu kule bomani ilikwisha kuanguka. Kila Desemba aliahidi kuijenga upya, na kila Januari akawa na sababu. Kulala katika nyumba ya mama yake pamoja na mke ni jambo ambalo mwana aliyeoa hawezi kulifanya, wala hakuna mzee ambaye angemruhusu. Ndipo alipolinunua trela lile kutoka kwa mmishenari aliyekuwa akirejea kwao: kitanda, meza ya kukunja, dirisha lenye pazia la maua. Akampigia simu kaka yake mkubwa, Joseph, kuuliza kama litavunja mwiko.

"Lina magurudumu?" Joseph aliuliza.

"Mawili."

"Basi hiyo si nyumba. Nyumba haiwezi kuvutwa na gari la Probox. Njooni."

Lililobaki lilikuwa umeme. Transfoma ya kijiji iliungua zamani, na barua za kuomba nyingine zilijibiwa kwa adabu. Betri za kuendesha mashine usiku kucha zingekuwa nzito kuliko trela lenyewe. Ikabaki jenereta, na hapo Amondi aliweka sharti lake.

"Baba Awuor, unajua jenereta inasema nini kule nyumbani ikianza kulia jioni."

Alijua. Katika kijiji kisicho na stima, boma linalonguruma baada ya jua kutua ni boma lenye maiti. Watu husikia, hujifunga leso, huja wakilia tangu njiani. Hawaulizi kwanza, sauti yenyewe imekwisha kuwaambia.

"Nataka kwenda nyumbani," Amondi alisema, "lakini sitaki kulala nikisikia watu wanakuja kunililia. Hiyo siku yao itafika. Wasubiri."

Kwa hiyo Okumu alitafuta jenereta isiyosikika. Alizunguka maduka ya mji mzima, akipima kwa simu yake wingi wa kelele, akisoma vibandiko ambavyo vyote vilidai utulivu wa maktaba. Hatimaye akafika kwa Warigia, mwanamke mnene mchangamfu aliyeuza pampu, mashine za kukata nyasi na dawa za ng'ombe katika duka lililotazama barabara kuu, mahali ambapo malori ya mahindi ya kutoka Turbo hupunguza mwendo na kukoroma.

"Ni ya nini, Mwalimu? Kinyozi? Harusi?"

"Ya kulalia."

"Kulala na jenereta?"

"Na mke wangu."

"Basi huyo mama ni mvumilivu!" Warigia alicheka hadi akashika kaunta. Alipoona amecheka peke yake, akavuta mbele jenereta ndogo nyekundu, yenye mfuniko kama sanduku la safari. "Hii ni ya inveta, ile mitambo ya kupunguza kelele. Hiyo nyingine ukiwasha, ng'ombe ya jirani inakataa kutoa maziwa. Hii inanong'ona tu."

Aliitoa nje kwenye baraza, akavuta kamba. Lori likapita, matatu mbili zikapigiana honi, mhubiri aliyekuwa ng'ambo ya barabara akapandisha sauti kwenye kipaza sauti chake. Okumu aliinama, akasogeza sikio.

"Imewaka?"

"Imewaka kitambo, Mwalimu! Si nilikuambia?"

Alipima kwa simu. Kisha Warigia akaizima, naye akapima tena, nambari haikubadilika. Mtu aliyefundisha fizikia maisha yake yote alijua maana ya jambo hilo: alikuwa ameupima mji wa Eldoret, si jenereta. Alilijua hilo akiwa ameinama pale pale barazani, na alilijua akiwa anaifunga kwenye buti la gari. Hakulisema. Kuna wakati ambapo mtu hununua jibu alilolitaka na kuondoka upesi kabla halijabadilika.

"Kama unataka kimya kabisa, Mwalimu," Warigia alimwitia kutoka mlangoni, "usiiwashe!"

Jaribio lilifanywa Jumapili alasiri, ili safari ifanyike wiki iliyofuata. Okumu hakumwarifu mwenyekiti. Kumwarifu mtu kuhusu kitu kisichosikika, aliona, ni kujipinga mwenyewe. Alimshika Amondi mkono hadi kwenye trela, akamlaza, akamvika mrija, akaiweka jenereta nyuma ya tangi la maji na kuupitisha waya wake dirishani.

Bahati, kama neno hilo linafaa, ilitaka stima ipotee mtaani wakati ule ule. Televisheni zikanyamaza, redio zikanyamaza, pampu ya maji ikanyamaza. Misonobari ikawa kimya kama kijiji. Okumu akavuta kamba.

Ilifanya kazi. Mashine ya oksijeni ilianza kuhema, taa ndogo ya trela ikawaka, na Amondi akainua kidole gumba nyuma ya pazia la maua. Okumu alitembea hadi kwenye ua wa miiba ya kei-apple, akasimama, akasikiliza. Aliisikia. Akaenda hadi langoni. Aliisikia. Haikuwa kelele ya kukera. Ilikuwa mngurumo laini, wa kudumu, unaofika mbali, wa aina inayomfanya mtu aache anachokifanya na kuinua kichwa. Pale mtaani pia jenereta ilikuwa kitu cha kukodiwa kwa mikutano ya mazishi tu, na hapakuwa na mtu asiyejua nani ni mgonjwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Nyokabi, jirani mkongwe wa nyumba ya pili, leso kiunoni, thamosi ya chai mkononi, macho tayari yamelowa. Akamkumbatia Okumu pale langoni.

"Pole sana, Mwalimu. Mungu ametwaa. Ameenda saa ngapi?"

Dirisha la trela likafunguka.

"Bado, Mama," Amondi alisema. "Lakini hiyo chai ilete."

Mama Nyokabi alipiga yowe, na yowe hilo likamaliza shaka za waliokuwa bado majumbani. Walikuja kwa vikundi, wanawake mbele, sauti zikiwa zimeshushwa. Waliomwona Amondi dirishani waliona haya, na kwa kuona haya wakakaa, kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri walichokuwa wamekijia. Nyuma yao alikuja Bwana Gichuru amevaa koti, akiwaongoza vijana waliobeba hema la kamati na viti vya plastiki. Kabla hajaambiwa lolote, hema lilikuwa limesimama kando ya trela na viti vimepangwa kwa safu, vyote vikilitazama trela.

"Mwenyekiti," Amondi alimwambia, "umenipangia watu vizuri. Nitasema nini?"

Gichuru alivua kofia. Akaivaa tena.

Okumu alikwenda dirishani. Nyuma ya tangi, jenereta iliendelea kunong'ona kama ilivyoahidiwa.

"Zima," Amondi alisema.

"Na mashine yako?"

"Zima kwanza, Baba Awuor."

Akaizima. Kimya alichokuwa amekitafuta duka baada ya duka kikaingia mtaani, na ndani yake kila aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akasikia jinsi Amondi alivyokuwa akipumua: kuvuta, kukwama, kuvuta tena. Mama Nyokabi alifungua thamosi, akaifunga.

"Hapa ni mjini, watu wamezoea kelele, na bado wamekuja," Amondi alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Kule watafika kabla hatujashuka garini. Hatuendi."

"Nitatafuta nyingine. Iliyo kimya zaidi."

"Utaipata wapi?"

Okumu alimrudisha ndani ya nyumba yao pale mtaani, ambako stima ilirejea jioni, mapema kuliko kawaida yake. Kisha akamwendea Gichuru, akamwomba jambo moja tu: hema na viti viondolewe, kwa maana vilionekana kutoka kitandani kwa Amondi. Gichuru alisikitika kwa dhati. Alieleza kwamba mali ya kamati iliyotolewa kwa amri ya kamati hairudi ghalani ila kwa amri ya kamati. Kikao kingeitishwa haraka.

Kiliitishwa, chini ya hema lenyewe, na wajumbe walikalia safu ya mbele. Asubuhi iliyofuata tangazo lilikuwa langoni, na Okumu alilisoma mara mbili, kama lile la kwanza:

"Kamati imepokea ombi la Mwalimu Okumu na kulijadili kwa kina. Imeamuliwa kwamba jenereta yake inaruhusiwa kuwashwa wakati wowote, mradi isisikike. Imeamuliwa pia kwamba, ili kuepusha usumbufu wa kubeba mara mbili, hema na viti vibaki pale vilipo hadi vitakapohitajika."