Ekari za Shangazi

Muuzaji wa matrekta alifika asubuhi kwa pikipiki, akakataa chai, akasema chai ya kabla ya kazi huleta usingizi. Alivaa buti za mpira na begani alikuwa na kanda ndefu ya kupimia. Watu walimwita Farasi, kwa sababu kila kitu alikipima kwa nguvu za farasi, hata mama mkwe wake.

Aliyemwagiza aje ni Mstaafu, ambaye alikuwa amerudi nyumbani kwa marehemu baba yake baada ya kutumikia ofisi za mjini hadi nywele zikamwisha. Wastaafu wenzake walikuwa wamemwonya: fanya jambo haraka, kiinua mgongo kikilala hakiamki. Mstaafu akaamua trekta. Kilichobaki ni kujua la ukubwa gani.

"Hapo ndipo watu wanapoumia," Farasi alisema wakielekea shambani. "Mtu ana shamba la kutupa jiwe likavuka, ananunua trekta la kulimia wilaya nzima. Linamlia dizeli, linamshindilia udongo, na kugeuka haligeuki. Mwingine anabana matumizi, ananunua kadogo, kanakohoa moshi mpaka mvua inaisha. Trekta ni kiatu, mzee. Tupime mguu kwanza."

Mstaafu akashika ncha ya kanda, akatembea. Wakapima urefu, wakapima upana, wakafika kwenye ua wa miiba wa jirani. Farasi akaandika kwenye kiganja chake: ekari mbili kasoro.

Pembeni, dada mkubwa wa Mstaafu alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Watoto wa Mstaafu walimwita Shangazi, na kwa kuwa watoto ndio wenye kupiga kelele zaidi nyumbani, kila mtu akafuata. Huyu hakujua kukaa. Hata chakula alikula amesimama, sahani mkononi, macho nje. Miaka yote ambayo ndugu yake alikuwa mjini, yeye ndiye aliyebaki. Aliwauguza wazazi akawazika, akang'oa visiki, akafyeka bonde la chini lililokuwa makao ya nyoka, akachimba mfereji, akaliotesha mahindi.

"Mbona mmeishia hapo?" aliuliza. "Na bonde je?"

"Bonde lipi, dada?"

Shangazi alimpokonya ndugu yake kanda, akaanza kutembea. Alipofika kwenye ua wa jirani, ua ukarudi nyuma. Haukuvunjika wala kupiga kelele, ulisogea kadiri alivyosogea, kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni. Nyuma yake ukatokea mteremko, kisha bonde na mfereji wake, na udongo mweusi unaonata kwenye soli. Kanda ikaisha. Farasi akaunga nyingine. Zilipatikana ekari tisa na ushee, na Shangazi alipotoka shambani ua ukarudi taratibu mahali pake, na mke wa jirani akaendelea kuanika nguo juu yake.

Farasi alitemea mate kiganja, akafuta, akaandika upya.

"Hii ipo sana," alisema. "Ila inabadilisha hesabu. Nani ataendesha?"

"Swali gani hilo?" Mstaafu alisema. "Hati ina jina langu, pesa zangu, nitaendesha mimi."

"Basi chukua lile dogo, la farasi ishirini. Kwenye ekari zako mbili litazunguka raha mustarehe. Akiendesha mama huyu, hapo ndipo tuzungumze farasi hamsini."

"Niko tayari kujifunza," Shangazi alisema, harakaharaka, kabla aibu haijamkamata.

Mstaafu alicheka kile kicheko chake cha ofisini, kisicho na ubaya wala nafasi ya kujibiwa. "Dada, kwa magoti hayo? Klachi ya trekta si kanyagio la cherehani."

Mchana, wakati wa chakula, Shangazi alisema lililokuwa moyoni. Baba yao alipofariki, shamba liliandikwa jina la mtoto wa kiume, kwa kuwa alikuwa mmoja tu, na Shangazi akaambiwa asijali, kwani nani atamfukuza? Kweli hakuna aliyemfukuza. Lakini kulala mahali kwa sababu hujafukuzwa kunachosha, na yeye alikuwa amechoka.

"Mdogo wangu, sitaki makubwa. Niandikie lile bonde. Nilime nikijua changu ni changu."

Mstaafu hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu mbaya unamjibu. Huyu aliacha tonge, akanawa, akatoka kwenda kulitafuta bonde kwa nia safi kabisa. Alipita huku, akapita kule, akarudi shati limechanika kwa miiba.

"Dada, ningekuandikia leo hii," alisema. "Lakini nikienda mimi silikuti. Tutakwenda kwa mpima ardhi tumwambie nini? Aandike kitu ambacho hakipo?"

"Hilo nalo neno, wifi," mke wa Mstaafu alisema, akiitazama sahani yake.

Shangazi aliona kwamba maneno hayo ni ya kweli, akaona pia kwamba ameibiwa, na hakupata mahali pa kuukamata wizi wenyewe. Alikwenda kusimama uani.

Mstaafu akanunua la farasi hamsini. Ekari tisa zilikuwa zimemwingia kichwani, hazikutoka tena. Trekta lililetwa jekundu, na diski tatu za kulimia nyuma, na siku ya kwanza alipanda juu akiwa na miwani ya jua. Akawasha, akatia gia, akaenda kidogo tu, magurudumu ya mbele yakaingia kwenye ua wa jirani. Akarudi nyuma, akagonga choo. Kutwa nzima alikwenda mbele na nyuma, na diski hazikupata hata nafasi ya kushuka.

"Jirani," mke wa jirani alimwambia, akizinusuru shuka zake, "hilo ni kubwa. Utaligeuzia wapi?"

"Dada!" Mstaafu akaita. "Hebu pita mbele kidogo."

Shangazi akapita mbele. Ua ukasogea, mteremko ukafunguka, na trekta likaingia nyuma yake likinguruma kwa furaha. Walijaribu kumkalisha juu ya bawa la gurudumu ili asichoke, lakini shamba lilihesabu miguu iliyo chini tu, na nusura waingie jikoni kwa jirani. Basi ikawa hivyo: Shangazi mbele kwa miguu, Mstaafu nyuma juu ya kiti cha sponji, kutoka mteremkoni hadi bondeni na kurudi. Shangazi alihisi joto la injini mgongoni. Akipunguza mwendo, honi ililia, si kwa jeuri, ilikuwa ya kumkumbusha tu.

Siku moja aligoma. Alichukua kigoda akakaa, akaishika miguu yake kwa mikono isiinuke. Shamba likabaki limejifunga, na mahindi yaliyokuwa yameanza kuchomoza bondeni yakafungiwa ndani, huko ambako hakuna mvua inayofika. Ni mbegu alizozipanda kwa mkono wake, kando ya mfereji wake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jua lilipokuwa utosini alikuwa ameshasimama, amekwenda kuyafungulia.

Mavuno yalijaza ghala, yakajaza na sebule. Mstaafu akaezeka nyumba upya, akalipa ada za watoto, na mbele ya wageni akamkabidhi dada yake buti mpya za mpira, imara, zenye meno chini.

"Bila dada hakuna shamba," aliwaambia wageni, na machozi yalimlengalenga. Wageni walipiga makofi.

"Shukrani ya punda ni mateke," Shangazi alinong'ona, lakini makofi yalikuwa mengi.

Usiku ule alifunga begi. Binti yake alikuwa mwalimu mji wa mbali, na kila alipopiga simu alisema mama njoo, kitanda kipo. Alfajiri Shangazi aliondoka bila kuaga. Alikuwa na hasira, hasira nzuri iliyokomaa, na miguu yake, ambayo maisha yote ilikuwa ikiwashwa bila kujua inataka nini, sasa ilijua. Alipita kwenye ua wa jirani, ua ukampisha, naye hakuutazama.

Ua wa pili nao ukampisha, na wa tatu. Watu waliokuwa wakipiga mswaki uani mwao walisogeza ndoo zao pembeni wakamwamkia. Shangazi akatazama chini. Alikanyaga udongo mweusi, ule ule unaonata. Akakata kushoto, na udongo ukakata naye. Akapanda barabara kuu kwa makusudi, na lami ikalainika, ikajilaza chini kimya, ikawa ardhi ya kulima.

Ndipo akasikia injini.

Mstaafu alikuwa nyuma yake na fulana ya kulalia, miwani ya jua machoni, diski zimezama, na nyuma yake udongo umepinduka safi mpaka macho yanapokoma.

"Hivyo hivyo, dada!" alipaza sauti, uso umemng'aa. "Usipinde!"

Shangazi akasimama. Trekta likasimama, diski zikainuka. Mstaafu akaruka chini, akamletea chupa ya maji, akampangusa vumbi begani kwa kiganja. Aliyafanya yote hayo kwa upendo, na Shangazi aliuona upendo huo.

"Nakwenda kwa mwanangu," alisema.

"Nenda, dada. Mtoto ni wako, nani akuzuie? Mimi nipo nyuma."

"Na hili unalolima sasa? Hili nalo ni la nani?"

Mstaafu aligeuka kutazama alikotoka. Malori mawili yalikuwa yakizunguka matuta kwa adabu, moja likapiga honi ya salamu. Akajikuna kipara, akafikiri kweli, kwa sababu hakupenda kumjibu dada yake ovyo.

"Twende kwanza," alisema. "Tukifika mwisho wa shamba tutazungumza."

Shangazi alikunywa maji yote, akamrudishia chupa. Alihamishia begi bega la pili, akaitazama njia iliyokuwa mbele yake, akaanza kutembea. Nyuma yake diski zikashuka.