Hema Lisilovuja

...na hata tone moja, tone moja tu la kumridhisha mtu, haliingii, mvua inateremka kwa nguvu zake zote, miti ya kando ya njia ya Kabambare inayumba huko juu, na hema limetulia hivi, kavu, kavu kabisa, na Dieudonnée amekaa katikati yake magoti kifuani, shingo kainyoosha, anatafuta mahali litakapovujia, maana lazima livuje, la sivyo amekuja kufanya nini porini peke yake, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mtunza stoo, mama wa watoto watano... vuja basi, shenzi wewe, vuja! Amepitisha kidole kwenye mishono, kwenye pembe, chini ya mkeka, kidole kinarudi kikavu, anakitazama kidole kana kwamba nacho kimemsaliti. Na ile karatasi aliyopewa na mkuu wake Byamungu aandike hali ya kila chombo iko hapo pembeni, jiko dogo, zuri, limechemsha maji kabla hajamaliza kufungua sukari, kichujio, kizuri, tochi ya kichwani, nzuri, vigingi tu ndivyo vilivyompa raha, kile cha kwanza kilipinda alipokigongelea kwenye changarawe, akacheka peke yake kwa sauti, akachonga vyake kwa panga, akaandika VIGINGI VIBAYA KABISA kwa herufi kubwa, lakini nani amewahi kufa kwa kigingi, nani, kinachoua ni hema, hema ndilo lililomuua François, na hili linakataa kuvuja.

Na Byamungu anachekelea huko Kasongo sasa hivi, mkuu wa timu ya chanjo mzima, amekaa barazani kwake, anasikiliza mvua anasema moyoni, haya, mama, lala. Ijumaa alisimama mbele ya wote, mikono mfukoni, sauti ya upole ile ya kuudhi, "Mama Dieudonnée, tangu mwezi wa tatu unasema hema zangu zinaua watu, sasa timu yote inakataa kuenda Jumatatu. Basi chukua moja ya hizi mpya, enda ulale mu pori usiku moja, weye peke yako, na vyombo vyote, fuata ile karatasi ya picha, ukirudia utuambie," na yeye Dieudonnée akajibu kabla hajafikiri, "Nitaenda! Unazani miye naogopa?", na kweli haogopi, hasira haiachi nafasi ya woga, miezi saba anailea hii hasira, anaamka nayo, anasonga nayo ugali. Kwa sababu François hakuwa mtu wa kufa vile. Alibeba sanduku la chanjo mgongoni akapita Salamabila, akaingia vijiji ambako hata pikipiki haifiki, usiku nne akalala mvuani ndani ya hema alilopewa na Dieudonnée mwenyewe mlangoni mwa stoo, akarudishwa kwa kipoyi, watu wanne wakimpokezana begani, halafu kwa pikipiki kafungwa na kitenge kwa dereva, na bado anatania, pumzi inakatika anatania, "Mama Dieudonnée, hema yako ile, inatuonyesha nyota," akakohoa, akacheka, akakohoa, na Jumatano alfajiri kichomi kikammaliza. Nyota! Akalikunjua hema lile kesho yake, akalisimamisha uani, akaona kwa macho yake, paa la chandarua, jamani, chandarua tupu, mtu mwenye akili gani ananunua hema lenye paa la chandarua kuja kulaza watu katika mvua ya Maniema? Ndiyo maana matangani akasimama, mbele ya Odile mjane, mbele ya padri na ya shehe aliyekuja kutoa pole, akanyoosha kidole, "Huyu ndiye alimuua François. Huyu. Alinunua takataka." Na watu wakaamini, kwa nini wasiamini, tangu siku ile Byamungu anapita salamu zinakatika, mke wake anapanga mafuta ya mawese sokoni hadi jioni hakuna wa kugusa chupa, mtu akatupa jiwe juu ya bati lao, na Dieudonnée aliposikia habari ya lile jiwe, aseme ukweli maana hapa hakuna wa kumsikia, alifurahi.

Na hili hapa ni lile lile. Anainua macho, hilo hapo paa la chandarua, hata rangi haikubadilika, hema la aina ile ile ya mwaka jana, tofauti ni hiki kitambaa cha kijani cha juu, kile ambacho picha ya nne ilisema kitupwe juu ya hema kifungwe pembe zote, akakitupa mbio mbio bila kufikiri kwa sababu upepo ulikuwa umeshaanza... ahaa! Wamekiongeza! Wamesikia kelele zake huko wanakoshona, wamekiongeza, ni yeye Dieudonnée aliyewatia adabu, dakika nzima kifua kinamjaa, ataingia Kasongo kesho na maneno hayo, kama si mimi mngekuwa mnalala mvuani hadi leo... na macho yanateremka na kile kitambaa, yanafuata zipu ya mlangoni, zipu ndefu iliyopinda kama upinde, na kitanzi cha kamba ya machungwa pembeni, na tundu za chuma, na vidole vyake vinaijua ile zipu. Vinaijua kwa sababu viliishona. Hapana. Vidole hivi hivi, kwa uzi wa nailoni wa wavu, uani kwake, kwa sababu mpunga ulikuwa unamwagika. Hapana, hapana, ile ni turubai, ilikuja peke yake, gunia la hema tano, na gunia la pili la turubai za kijani tano, hakuna karatasi, hakuna picha, maandishi ya Kichina tu, na ulikuwa msimu wa kuvuna, na kila ua wa Kasongo unatafuta kitu cha kuanikia mpunga, akasema hii ni zawadi imetiwa juu, kama mwaka ule walivyotia sabuni, akagawa, moja kwake, nne kwa majirani, na kila mara mpunga ukamwagikia katikati, akatukana, wajinga gani hawa wanatia zipu kwenye turubai, akachukua sindano akaifunga. Na Byamungu aliuliza. Aa, Mungu wangu, aliuliza, alikuja mlangoni mwa stoo akauliza, "Hakuna kingine kilikuja?" na yeye hata kichwa hakuinua, "Hakuna, chefu, ni zile tu."

Basi ni kosa la Wachina, kwa nini wasiandike, ni kosa la Byamungu, kwa nini asiingie stoo mwenyewe, kwa nini aamini neno la mtu, mkuu gani huyo... na hasira inakimbia huku na huku kama kuku aliyefungiwa ndani, haipati mlango. Na nani anajua? Hakuna. Byamungu mwenyewe hajui. Akiandika hema halivuji, mwaka huu wameongeza kifuniko, timu itatoka Jumatatu, watoto watachanjwa, watu watampigia makofi, mama aliyelala porini kwa ajili yetu, na ile ya kwake ataichoma pamoja na zile nne za majirani, uzi wa nailoni na zipu na yote, moto mmoja, imekwisha, mke wa Byamungu ataendelea kukaa na chupa zake... Ee Yesu, na matanga. Siku ya pili ya matanga ilinyesha. Ni yeye aliyekimbia nyumbani akaumwaga mpunga chini, akaleta turubai, akaifunga juu ya nguzo nne, akamvuta Odile chini yake na watoto, na Odile akamshika mkono, "Aksanti, dada, Mungu akubariki," na hakuna aliyelowa, hata mmoja, na ni chini ya turubai ile ile, mkavu, ndipo aliponyoosha kidole. Mvua inapiga, haijapungua, jua halijazama, usiku mzima bado uko mbele na hema ni kavu, na Dieudonnée anafungua mdomo, anajaribu kama mtu anayeonja chakula cha moto, "Odile..." anaanza upya, "Odile, dada, ile turubai niliyokufunika nayo siku ile, ilikuwa ya François," na hajisikii mwenyewe kwa kelele za mvua, anasema tena kwa nguvu zaidi.