Njia ya Nyumba ya Mzungu

Mvua za Aprili 1979 zilikuwa zimeanza, na migunga iliyokauka mwezi uliopita ilikuwa imechipua majani. Mtu mwenye raha zake angesimama kuitazama. Mimi nilikuwa nikimfuatilia mume wangu.

Kila Jumamosi Wainaina, afisa wa mifugo, aliniaga kwamba anakwenda Gotu kuchanja ng'ombe. Jioni koti na masharubu yake vilinukia moshi mtamu, wala haukuwa wa nyama. Nililinusa koti lile mpaka nikajionea aibu. Kabale, mama wa Kiborana anayeniletea maziwa dukani kwangu, ndiye aliyeninong'oneza kwamba amemwona akiingia ile nyumba ya mawe iliyoachwa na Mzungu wa ng'ombe kabla ya Uhuru. Kuna mwanamke humo, alisema. Nikamwomba anipeleke.

Jumamosi iliyofuata tulitembea porini asubuhi nzima. Kabale alitangulia bila haraka, akinionyesha maua, akisimama kila mara kutoa mwiba mguuni. Mimi nilikuwa nimeshapanga hata matusi.

Mlango wa nyumba ulikuwa umeanguka. Jiko la ukutani lilijaa kinyesi cha popo, na vumbi la sakafuni halikuwa na alama ya mguu, wa mtu wala wa mbuzi.

Labda wamehama, Kabale alisema. Akaketi kizingitini, akanipa kibuyu chake cha maziwa ninywe. Dukani huniletea maziwa kwa debe. Hiki kilikuwa cha nyumbani kwake. Nilipofungua kifuniko, harufu ya moshi wa lile koti ikanijaa puani.

Nikamuuliza, sauti nimeishusha, kama vibuyu vyote vya Waborana hunukia hivi. Akacheka kwa fahari.

"Hapana, mama duka. Kila mwanamke ako na mti yake ya kufukiza kibuyu. Hii yangu natoa kwa mama yangu, huko Biliqo. Isiolo yote hakuna mwingine ako nayo."

Nikanywa. Yalikuwa matamu, Mungu anisamehe. Akasema tupumzike kwanza, jua lipungue, hakuna haja ya kurudi mjini mapema.

Nikafunga kibuyu, nikakitia kapuni mwangu, nikashika njia. Kabale akaniita kwa nyuma, akiuliza naenda wapi na kibuyu chake.

"Nyumbani kwako," nikamwambia. "Nampelekea Wainaina."