Binti kwa P

Chemutai aliporushwa Gredi ya Nne, watu wa Roret walimpongeza nyanya yake kana kwamba ni yeye aliyefanya mtihani. Mtoto alikuwa akimaliza hesabu kabla mwalimu hajaziandika zote ubaoni, basi mwalimu mkuu akaona kumwacha hapo ni kumchelewesha. Januari akatoka Gredi ya Tatu, akaingia ya Tano. Akikaa kwenye dawati, miguu yake haikufika chini.

Hesabu hazikumpa shida. Kiswahili ndicho kilichomtoa jasho. Mwalimu Mosoti alipenda insha, na katika kinywa cha Chemutai, kama katika lugha ya kwao, b na p zilikuwa kitu kimoja, d na t, g na k vilevile. Wiki ya kwanza aliandika kwamba ng'ombe wa jirani alikanyaga waya akatoka tamu. Mosoti aliisoma sentensi hiyo darasani bila kutaja jina, lakini nani hakujua? Tangu hapo akaitwa Tamu. Wasichana wakicheza mchezo wa kati walimwambia akae kando, asije akagongwa na mpira akatoka asali.

Alijirekebisha upesi. Damu ikawa damu, gari likawa gari. Neno moja tu lilikataa. Kila insha aliandika "pinti", na kila insha Mosoti alilizungushia kalamu nyekundu, mpaka akaanza kudhani anafanyiwa ukaidi. Akamwita nyanya yake, Kogo Janefer, akamweleza kwa upole kwamba huenda mtoto alirushwa mapema mno. Ijumaa wangeandika insha nyingine. Asipobadilika, nyanya angekuja tena Jumatatu, mtoto arudishwe Gredi ya Nne.

Nyanya alipita na Chemutai katikati ya mashamba ya chai. Walipofika nyumbani ndipo akauliza, "Kwani hilo neno lina nini?"

"Mama alikuwa anasema hivyo, Kogo."

Nyanya akainama kuchochea moto, akakaa hapo muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. Nelvine, mama yake Chemutai, walikuwa wamemzika Agosti, pale shamba linapoishia. Alipokuwa akichuna chai, mtoto akizubaa nyuma kwenye mistari, alimwita bila kugeuka: pinti yangu, njoo unishikie kikapu. Siku hizi sauti yenyewe ilikuwa imeanza kumponyoka Chemutai. Usiku aliitafuta asiipate vizuri. Neno lilikuwa bado lipo. Kuliandika kwa b aliona ni kumsahihisha mtu ambaye hawezi tena kujibu.

Dawati moja naye alikaa Dorine, msichana mrefu, mtoto wa Eliakim wa kiwanda cha chai, ambao kwao ni upande wa ziwa. Dorine mwenyewe alisema "sule" na "samba", sh ikimshinda, kwa hiyo wenzake walipomcheka Tamu yeye alinyamaza, zamu isije ikamfikia. Alhamisi hiyo uvumilivu ulimwisha.

"Si uandike tu hiyo b, maneno yaishe? Wakikurudisha, mimi nitakaa na nani? Hizi hesabu za sehemu zitaniua."

Chemutai akamwambia kwa nini. Dorine akaweka kalamu yake chini.

"Na mbona humweki kwa mtajo?"

"Mtajo ni nini?"

Dorine alimtazama kama mtu aliyesikia mtoto wa Roret akiuliza chai ni nini. Halafu akakumbuka kwamba alama za mtajo walifundishwa Gredi ya Nne, akacheka kwa raha. "Kumbe kuna kitu hujui!" Akachora vijialama viwili juu ya dawati kwa kidole chenye mate, akaacha nafasi, akachora vingine viwili. "Mtu akiongea, unafungua hapa, unafunga hapa. Ndani ni maneno ya mwenyewe. Akisema samba, unaacha samba. Ndani ni kwake. Nje ni kwa Mosoti."

Ijumaa insha ilikuwa juu ya kazi za nyumbani. Chemutai aliandika kwamba yeye ni binti wa mchuna chai. Ile b aliiandika polepole, akaiangalia, akaona haijamdhuru mtu. Mstari uliofuata akafungua alama, akamwacha mama yake aseme alivyosema, akafunga.

Mchana Mosoti akamwita ofisini. Duara jekundu lilikuwa limeanza kuzunguka neno, likakatika katikati.

"Hapa binti, hapa pinti. Umekosea wapi?"

"Sijakosea, mwalimu. Hapo nje ni mimi. Hapo ndani ni mama."

Mosoti akauliza mama yuko wapi. Akaambiwa. Mwalimu akafunika kalamu yake. "Mwambie nyanya yako asijisumbue kuja Jumatatu," akasema. "Utabaki hapa."

Dorine alikuwa akingoja nje na andazi mkononi. Aliposikia hakumkumbatia wala nini, alisema tu kwamba sasa ni zamu yake, aelezwe mbona nusu na robo mbili ni kitu kimoja. Chemutai akamnyang'anya andazi, akalikata katikati, kipande kimoja akakikata tena.

"Hizi ni robo ngapi?"

"Mbili."

"Zirudishe pamoja. Umepata nini?"

Dorine akavishikanisha vile vipande, akavitazama, akatabasamu, akala kimoja. "Nimepata njaa," akasema. "Leta hiyo nusu nyingine, tuanze upya."